Gemu Lililokuua Kabla Hujaanza Kucheza: Vita ya Matoleo ya Traveller

Wadau, vuta picha. Umekaa mezani na washkaji, karatasi mbele yako, dadu mbili mkononi. Unamtengeneza mhusika wako. Umempa jina, umemuingiza kikosi cha skauti wa anga, ana miaka 18. Unarusha dadu, inakuja 6. Kafa. Gemu lenyewe hata halijaanza!

Hilo ndilo Traveller, gemu la mezani la safari za anga lililotoka Marekani mwaka 1977, mwaka uleule ambao Star Wars iliingia kwenye majumba ya sinema. Lilitengenezwa na Game Designers' Workshop (GDW), kampuni ndogo ya mji wa Normal, Illinois. Ndani ya boksi jeusi kulikuwa na vitabu vitatu vidogo vyeusi. Hakuna skrini. Mmoja anakuwa refa, anaeleza kinachotokea. Wengine wanaamua wahusika wao wafanye nini, na dadu zinasema kama imewezekana.

Sasa kwa nini watu wafe mapema hivyo? Mhusika anatumikia kazi kwa vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi kinampa ujuzi. Lakini kila kipindi pia unarusha dadu kuona kama amepona. Skauti alihitaji 7 au zaidi. Dadu mbili zina matokeo 36, na 15 kati ya hayo yanampeleka kaburini, labda awe na mwili imara wa kumwongezea pointi. Ukitosheka mapema unatoka na ujuzi kidogo. Ukitaka fundi wa kila kitu, unarudi tena kwenye dadu. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Toleo la 1981 lililegeza kidogo: mkikubaliana mezani, aliyeshindwa anaumia na kuacha kazi badala ya kufa.

Kifo kilicholeta kasheshe kubwa kilikuwa kingine kabisa. Vile vitabu vya mwanzo havikuwa na ulimwengu kamili. Baadaye ndipo GDW ikaleta ramani, jarida lenye habari za kubuni za huko angani, na himaya kubwa iitwayo Third Imperium. Watu wakahamia humo. Wakawa na meli zao, madeni yao na njia zao za biashara. Kwa miaka karibu kumi ile himaya ikawa kama mtaa wao.

Mwaka 1987 likaja MegaTraveller. Kanuni zikapangwa upya, lakini habari ya mjini ilikuwa moja: Mfalme Strephon kapigwa risasi, na himaya imepasuka vipande vinavyopigana. Mwaka 1993 likafuata The New Era, na hapo ndipo moto ukawaka. Virusi vya kompyuta vimeisambaratisha himaya yote, na zile dadu mbili za kawaida nazo zimewekwa pembeni, imeletwa dadu ya pande 20. Wapo waliopenda kuanza upya kwenye magofu. Wengi wa zamani waliona wamevunjiwa nyumba. GDW ilifungwa mwaka 1996, ingawa ilikuwa na mizigo mingine pia, ikiwemo kesi na wapinzani wao TSR.

Kisha ikatokea sinema. Mwaka 1998 Steve Jackson Games wakatoa GURPS Traveller, na humo Mfalme hakuuawa kabisa. Himaya ipo, biashara zinaendelea. Wahusika wananunuliwa kwa pointi, kwa hiyo hakuna anayekufa wakati wa kutengenezwa. Mwaka 2008 Mongoose Publishing ya Uingereza nayo ikarudisha dadu mbili, na hadithi ikarudi miaka kabla ya mauaji. Ukishindwa kazini unapata ajali, jeraha au adui. Kifo kimebaki kwa wale wanaokitaka.

Ukiyaweka matoleo haya pamoja, kitu kimoja kinaonekana. Wachezaji hawakukimbia kifo. Kifo cha dadu walikikubali wenyewe, maana dadu zilikuwa mkononi mwao. Kifo cha himaya kiliandikwa na watu wa mbali, kikawafikia kikiwa tayari kimechapishwa.

Ila kuna faida moja waliyokuwa nayo, ambayo wacheza gemu za simu hawana. Gemu la simu likibadilishwa usiku, asubuhi lile la zamani halipo. Traveller ni kitabu. Aliyechukia toleo la 1993 alifungua boksi lake la 1977, akarusha dadu, na Mfalme akaendelea kutawala pale mezani kwake.

Haya wadau, wewe ungekuwa skauti wa 1977, ungeishia kipindi cha kwanza au ungerusha tena? Funguka hapo chini.