Chenga Haina Kitufe

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Ruangwa kilikuwa na televisheni mbili na benchi moja la mbao. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa akija kutoka Nachingwea kila likizo, na mimi ndiye niliyemlipia mechi. Sikuwa na roho nzuri kiasi hicho. Nilikuwa nalipiza kisasi. Uwanjani, kwenye mchanga, alikuwa akinipiga tobo mbele ya watu mpaka wasichana wanacheka. Kwenye kioo nilimfunga mabao matano, sita. Siku moja aliweka padi chini akasema, “Kaka, hii gemu haijui chenga.”

Niliona anatafuta kisingizio. Sasa ninasomea shahada ya umahiri ya historia, na naona alikuwa sahihi.

Swali la namna ya kumtia mkwepaji ndani ya kompyuta lina historia yake. Mwaka 1989 Dino Dini alitunga gemu ya soka iitwayo Kick Off, ambamo mpira haukugandishwa mguuni. Ukikimbia nao ukageuka ghafla, unakuacha. Kumpita mtu kukawa na hatari, kama ilivyo kweli. Mwaka 1991 ikaja Tecmo Super Bowl, gemu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi. Huko kuna mchezaji ambaye kazi yake ni kupokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake, kutafuta upenyo na kukimbia bila kuangushwa. Ndani ya gemu hiyo, Bo Jackson alipewa kasi kubwa mno. Vijana walimzungusha uwanja mzima, zigizaga, na mabeki wakimfuata kama kuku. Ilikuwa raha kubwa, ila ilikuwa kasi tu. Chenga haikuwamo.

Gemu nyingine, kama Madden na FIFA, zilitumia majedwali: kasi, wepesi, ukwepaji, kila kimoja na namba yake hadi 99. Ukibonyeza kitufe, mwili unacheza mtindo uliorekodiwa na namba zinasaidia kuamua nani kapitwa. Hapo ndipo chenga ikawa mali ya mtu mmoja, kitu anachotembea nacho mfukoni.

Tumwangalie Barry Sanders wa Detroit Lions. Alikuwa na urefu wa sentimita 173 hivi, mfupi kati ya majitu. Kwa misimu 10, kuanzia 1989 hadi 1998, alikimbia yadi 15,269. Mara nyingi alianza kwa kurudi nyuma, akapoteza yadi mbili tatu, ndipo akachomoka. Hakuwa akiwakwepa mabeki kwa miguu yake peke yake. Aliwasubiri waegemee upande mmoja, kisha akaenda upande mwingine. Kazi kubwa ilifanywa na uzito wa beki mwenyewe.

Jambo hili sikulielewa kupitia michezo. Nililielewa niliposoma kuhusu Nachingwea. Katikati ya miaka ya 1960, kwenye ardhi ambayo Waingereza walikuwa wameifyeka kwa ajili ya mradi wa karanga uliokufa mwaka 1951, FRELIMO ilianzisha kambi yake kuu ya mafunzo. Samora Machel aliwafundisha watu hapo. Julai 1970, ng'ambo ya Ruvuma, jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa kuliko zote za Wareno katika vita ile. Askari wapatao 35,000, ndege, mizinga na matingatinga vilielekezwa kaskazini mwa Msumbiji, hasa Cabo Delgado. Kama ingekuwa gemu, Wareno wangekuwa na 99 kila safu.

Waliteka kambi kweli. Lakini wapiganaji wengi walikuwa wameshatawanyika porini, na wakati uzito wa jeshi umeegemea kaskazini, FRELIMO iliongeza nguvu Tete, magharibi, ikavuka Zambezi. Vita si mchezo, na wanavijiji wengi walilipa kwa maisha yao. Ila mantiki yake niliitambua mara moja, kwa sababu nilishaipata mwilini: mimi ndiye yule beki aliyeegemea upande usio wake.

Mdogo wangu alipofika miaka 17 alikwenda kwenye majaribio ya timu moja, mbali na kwetu. Namungo walikuwa wameshapanda Ligi Kuu mwaka 2019, na kila kijana wa Lindi aliamini njia imefunguka. Walimpima urefu. Wakampima mbio za mita 30 zilizonyooka, kwa saa. Jina lake halikusomwa. Siku nzima hakuwekewa beki mbele yake hata mara moja.

Kwa hiyo ninapofikiria gemu inayojua chenga, ninaanza na beki. Apewe uzito, na uzito huo uwe kwenye mguu mmoja kwa wakati mmoja, ili ajulikane lini anaweza kugeuka na lini hawezi. Apewe macho: wapo wanaotazama mpira na wapo wanaotazama kiuno, na hawa wa pili hawadanganyiki kirahisi. Apewe kumbukumbu, ili chenga iliyompita dakika ya 10 isimpite tena dakika ya 40 kwa mtindo uleule. Apewe na hofu, maana beki aliyepigwa tobo mara mbili hurudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo ni nafasi. Mwenye mpira naye aruhusiwe kupunguza mwendo, kusimama, kurudi nyuma, na akikosea alipe. Uwanja nao uwe uwanja. Mchanga wa Nachingwea unamchelewesha anayegeuka kwa nguvu na kumpa faida anayegeuka kidogo. Mdogo wangu alijua hilo kabla hajajua kusoma.

Hayo yote ni mahesabu, na kompyuta zinayaweza. Kinachotakiwa ni kuacha kupima mtu akiwa peke yake.

Siku hizi anaendesha bodaboda kati ya Nachingwea na Ruangwa. Likizo iliyopita alinipakia, tukapita kwenye kibanda, tukacheza mechi mbili, nikamfunga zote. Halafu akanitoa nje, akaazima mpira kwa watoto waliokuwa wanacheza hapo, akauweka mbele yangu. Nilikaza macho kwenye kiuno chake, kama nilivyosoma. Akasimama tu, hakufanya chochote. Nikasubiri, nikachoka kusubiri, nikasogeza mguu wa kulia.