Mchezo wa hatari nyuma ya ukuta

(Muziki wa kufungua unafifia.)

MTANGAZAJI: Leo katika historia tunauliza: je, ni haki kumpa mfungwa mchezo unaoweza kumvunja mifupa?

Kama ulikaa Bujumbura, unaijua Mutanga Nord, mtaa ulioegemea vilima. Kijana wa pale akishuka mteremko kwa baiskeli bila kugusa breki, mama yake atamfokea, lakini uamuzi ni wake. Akianguka, majirani watamkimbiza hospitali. Sasa mfikirie kijana huyohuyo akiwa Mpimba, gereza kuu la mji, lililojengwa kwa watu 800 na ambalo kwa miaka mingi limebeba maelfu. Akiulizwa kama anataka kucheza mchezo wa hatari, je, atakuwa na uhuru uleule wa kujibu?

Historia inatupa mifano miwili.

Wa kwanza uko Marekani. Katika jimbo la Louisiana kuna gereza liitwalo Angola. Tangu miaka ya 1960, wafungwa wake hupanda mafahali wakali mbele ya watazamaji. Katika mchezo mmoja, wafungwa wanne huketi mezani kama wacheza karata, kisha fahali hufunguliwa. Wa mwisho kubaki kitini ndiye mshindi. Hakuna anayeshurutishwa, wenyewe hujiandikisha. Lakini zawadi ni fedha, na gerezani humo kazi ya saa nzima hulipwa senti chache tu. Watazamaji hulipa kiingilio. Hiari ya namna hiyo ina uzito gani?

Mfano wa pili uko Robben Island, Afrika Kusini. Wafungwa wa kisiasa waliomba kucheza mpira kwa miaka kama mitatu, na kwa kuomba tu waliadhibiwa kwa kunyimwa chakula. Waliporuhusiwa, waliunda chama chao, Makana, wakafuata sheria za FIFA na kuchagua waamuzi wao wenyewe. Walicheza hata raga, mchezo wa kugongana. Mwaka 2007 FIFA ilikipa chama hicho uanachama wa heshima.

Msikilizaji, tofauti ya mifano hii si hatari peke yake. Raga nayo huumiza. Tofauti ni nani aliyeutaka mchezo, nani anayeuongoza, na nani anayefaidika.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela. Zinasema mfungwa asiyefanya kazi nje apate angalau saa moja ya mazoezi nje kila siku, na kwamba matibabu yake yalingane na ya raia walio huru. Basi mazoezi ni haki. Lakini gereza lisiloweza kumtibu mtu aliyevunjika mkono lisiandae pambano la ndondi.

Swali hili halikomei gerezani. Kambini pia, kijana asiye na kazi wala ruhusa ya kutoka anaweza kukubali jambo ambalo nyumbani angelikataa. Wewe kocha, wewe kiongozi wa zoni, kabla ya kupuliza filimbi jiulize: akikataa, atapoteza nini? Akiumia, nani atamtibu?

Lizungumzeni katika kikundi chenu cha wasikilizaji.

(Muziki wa kufunga.)