Bonde la Msimbazi: Ardhi ya Mto Katikati ya Jiji

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya Dar es Salaam kwa takribani kilomita 35, kisha humwaga maji yake Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Kiangazi ni kijito tu, mtu hukunja suruali akavuka. Masika ni habari nyingine. Maji hupanda juu ya kingo, husambaa bondeni, na yakishasambaa hupungua kasi. Yakipungua kasi huangusha mchanga na tope yaliyobeba kutoka vilimani. Kwa kazi hiyo ya maelfu ya miaka mto umejitandikia uwanda mpana, tambarare, kuanzia Kigogo hadi Jangwani na Mkwajuni. Uwanda huo ni mali ya mto kama zilivyo kingo zake, ila mto huutumia kwa msimu.

Majina ya mahali yamehifadhi ujuzi wa ardhi kama hiyo. Jangwani ni penye uwanda mtupu. Bonde la Mpunga, upande wa Msasani, lilikuwa la majaruba, na mpunga hupandwa pale maji yanaposimama. Hata mashabiki wa mpira wanaoiita klabu ya Yanga watoto wa Jangwani na ya Simba wekundu wa Msimbazi hutaja bonde la Msimbazi kila wiki bila kulifikiria.

Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alipoanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, aliuweka kando ya bandari, mbali na bonde. Wajerumani waliohamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891 waliendelea kujenga huko huko. Katika enzi ya Waingereza Kariakoo na Ilala zilipanuka hadi ukingoni mwa bonde zikaishia hapo, na Magomeni ikaota ng'ambo ya pili. Katikati palibaki wazi: bustani za mchicha, minazi, nyasi, na baadaye viwanja vya mpira na vya mikutano ya hadhara. Ramani kuu ya mji ya mwaka 1949 iliyaacha mabonde kuwa nafasi za wazi, za kupitisha upepo wa bahari na kutenganisha mitaa. Ramani kuu ya 1979 ilihesabu bonde la Msimbazi kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Kwa hiyo si kweli kwamba jiji lilijengwa bondeni kwa kutojua. Wataalamu walijua, na wakaandika.

Kilichobadilika ni idadi ya watu. Sensa ya 1967 ilikuta wakazi wapatao 273,000. Ile ya 1978 ikakuta 843,000. Viwanja vilivyopimwa havikufikia hata robo ya mahitaji ya mji unaokua kwa kasi hiyo, na vilivyokuwepo vilikuwa mbali. Bondeni palikuwa karibu. Kutoka Jangwani hadi soko la Kariakoo ni mwendo wa miguu, na kwa mchuuzi au kuli anayeishi kwa kipato cha siku, nauli iliyookolewa ni chakula cha jioni. Ardhi ilinunuliwa kwa hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na viongozi wa mtaa, ikajengwa chumba kimoja kimoja, vyumba vikapangishwa. Umeme ukafuata, kodi ya majengo ikatozwa. Mkazi aliyeona haya yote alikuwa na sababu ya kuamini kwamba serikali imemkubali pale alipo, na lawama ya kwamba watu wa mabondeni ni wakaidi haimtendei haki.

Maji yalipokuja, wakazi walijihami kwa walichonacho. Nyumba za mitaa ya bondeni ya Suna na Mkwajuni zilionyesha wazi jinsi hilo lilivyofanyika: kizingiti cha mlango kilichopandishwa kwa matofali hadi mtu anaruka kuingia ndani, choo kilichojengwa juu ya ngazi, viroba vya mchanga ukutani, kitanda kilichoinuliwa kwa mawe, na ukutani mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukiwa kimo cha mafuriko yaliyopita. Mwenye uwezo zaidi alimwaga kifusi akainua kiwanja kizima. Kifusi humwokoa aliyekimwaga, lakini maji yaliyokuwa yatulie kwake hayapotei. Huenda kwa jirani. Ndivyo bonde lilivyozidi kubanwa. Tuta la Barabara ya Morogoro linalokatiza Jangwani lilifanya vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa, kwani mto mzima ulilazimika kupenya chini ya madaraja mafupi. Na mafuriko yakikutana na bamvua pale Selander, bahari huyazuia maji yasitoke.

Tarehe 9 Desemba 2011 jiji lilisherehekea miaka 50 ya Uhuru. Siku 11 baadaye mvua kubwa ilianza kunyesha, na kwa siku chache zaidi ya watu 40 walikufa na maelfu wakakosa makazi. Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, wakaanza kwa kuishi kwenye mahema. Walikuwa salama dhidi ya maji, lakini mbali na soko, shule na wateja wao, na baadhi wakarudi bondeni. Mwisho wa mwaka 2015 ilifuata bomoabomoa, nyumba zikiwekwa kwanza alama nyekundu ya X. Msingi wa kisheria ulikuwepo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini kubomoa bila kuonyesha pa kwenda hakupunguzi hatari. Huihamishia kwenye bonde jingine.

Wala si maskini peke yao waliojenga bonde la Msimbazi. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, ambayo safari zake zilianza mwaka 2016, iliwekwa Jangwani, ikajaa maji zaidi ya mara moja, mabasi yakalazimika kuondolewa. Kila Barabara ya Morogoro inapofungwa hapo, nusu ya jiji husimama.

Jaribio la kudhibiti maji lililozaa matunda mapema lilikuwa dogo. Hananasif, kwenye ukingo wa bonde, wakazi katika miaka ya 1990 walijenga mifereji ya mvua na njia za mtaa kwa mikono yao, kwa ujira, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo cha Ardhi na Shirika la Kazi Duniani. Maji yaliyokuwa yakisimama uani yalipata njia. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaa, mifereji na mahali maji yanapofika, taarifa ambazo ofisi za mipango miji hazikuwa nazo.

Mpango mkubwa wa bonde lenyewe uliandaliwa mwaka 2018 katika vikao vilivyokutanisha idara za serikali, wahandisi na wakazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kuutekeleza, Uholanzi na Hispania zikachangia. Wazo lake kuu ni kurudisha bonde la chini kwa mto: kulipa fidia na kuhamisha kaya, kuchimba na kupanua njia ya maji, kutumia udongo huo kuinua kingo zitakazojengwa, kuacha katikati kuwa bustani inayoweza kufurika bila madhara, kuhamisha karakana, na kujenga Jangwani daraja refu badala ya tuta. Mikoko ya Selander nayo ina kazi humo, kwa kuwa huvunja nguvu ya maji na kushika tope.

Fidia ndiyo iliyoleta ubishi mwingi, hasa kwa wasio na hatimiliki, ambao nyumba yao ilikuwa pia kitega uchumi kwa pango la vyumba. Upande wa uhandisi, sehemu ngumu iko juu, siyo chini. Miti ikiendelea kukatwa Pugu na Kisarawe, na mchanga ukiendelea kuchotwa kwenye kingo za vijito, tope litashuka kila masika na kuinua tena kitanda cha mto uliochimbwa. Kwa sababu hiyo mpango unagusa pia vijito vya juu, upandaji wa miti na mabwawa ya kunasa mchanga kabla haujafika Jangwani.