Dadu, Mikuki Mirefu na Hesabu ya Kufa

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuingie kwenye historia. Msiogope, kompyuta tutakuwa nayo.

Kama umewahi kucheza ludo unaujua uchungu wa dadu: unangoja sita, inakuja moja. Kuna watu waliouchukua uchungu huo wakautumia kueleza vita. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafunza maofisa vita juu ya ramani, na dadu ndiyo iliyoamua hasara. Mwaka 1990 Phil Barker na wenzake huko Uingereza wakatoa De Bellis Antiquitatis, au DBA, mchezo wa vita vya kale unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Kila upande una vikosi 12 tu. Ukipoteza 4, na mwenzako amepoteza vichache kuliko wewe, kwisha habari yako.

Swali langu ni hili: je, kanuni fupi namna hii zinaweza kutuambia ukweli wowote kuhusu watu waliokufa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita?

Tuzipime kwa pambano moja. Mwaka 197 KK, kwenye vilima vya Cynoscephalae huko Ugiriki, jeshi la Mfalme Philip V wa Makedonia lilikutana na Warumi wa Titus Quinctius Flamininus. Wamakedonia walipigana wakiwa wamebanana safu kwa safu, kila mmoja na mkuki wa takriban mita 6. Warumi walikuwa na ngao na panga. Upande wa kulia wa Philip uliteremka mlima ukawasukuma Warumi nyuma. Hapo ungesema Makedonia imeshinda.

Sasa twende mezani. Katika toleo la 2.2 la DBA, kikosi cha mikuki mirefu kina pointi 3 dhidi ya askari wa miguu, na kikiwa na kikosi kingine cha mikuki nyuma yake kwenye ardhi nzuri kinaongezewa 3, jumla 6. Warumi wa panga wana 5. Kila mchezaji anarusha dadu moja na kujumlisha. Mwenye jumla ndogo anarudi nyuma. Lakini jumla yake ikiwa nusu ya mpinzani au chini ya hapo, kikosi kinaondolewa mezani. Kimekufa.

Dadu mbili zina matokeo 36 tu, kwa hiyo huhitaji kompyuta kubwa. Andika mzunguko ndani ya mzunguko, kila mmoja kutoka 1 hadi 6, kisha uhesabu. Mistari kumi ya Python inatosha, hata kalamu na karatasi. Mimi napata hivi, uso kwa uso:

- Mikuki inashinda: mara 21 kati ya 36 (58%)
- Sare: 5 (14%)
- Warumi wanashinda: 10 (28%)
- Mikuki inakufa: 0

Ndiyo, sifuri. Mrumi akipata 6 ana 11. Mmakedonia akipata 1 ana 7. Saba si nusu ya kumi na moja. Kwa mbele, Mrumi anaweza kuisukuma mikuki ile siku nzima na asiiue.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Kikosi kingine cha Warumi kije kiiguse mikuki hiyo ubavuni. Kanuni inasema mikuki ipunguziwe pointi 1, iwe 5 kwa 5. Mtu akiona hivyo anasema aah, pointi moja ni nini? Subiri. Kanuni nyingine inasema kikosi kinacholazimika kurudi nyuma huku adui yuko ubavuni au mgongoni kwake kinaangamia. Hakina pa kurudi. Warumi sasa wanashinda mara 15 kati ya 36, na kila ushindi ni kifo. Kutoka 0 hadi 42%!

Hebu turudi Cynoscephalae. Mwanahistoria Polybius anasimulia kwamba ofisa mmoja wa Kirumi, ambaye hakumtaja jina, aliona mwanya. Akachukua manipuli zisizozidi 20 (manipuli ni kikosi kidogo cha Kirumi) kutoka upande uliokuwa unashinda, akawageukia Wamakedonia waliokuwa wakisonga mbele, akawapiga kutoka nyuma. Mtu aliyebanwa katikati ya safu na mkuki wa mita 6 hawezi kugeuka. Polybius anasema Warumi waliokufa ni kama 700, na Wamakedonia 8,000.

Ukiangalia 700 kwa 8,000 unaweza kudhani Mrumi mmoja alikuwa na nguvu za Wamakedonia kumi na mmoja. Hesabu yetu inakataa. Uso kwa uso Mmakedonia ndiye aliyekuwa bora. Tofauti ilikuwa nafasi ya kurudi nyuma. Ikiwepo, watu wanasukumana na wachache wanakufa. Ikiisha, wanakufa kwa maelfu. Hapo namvulia Barker kofia.

Lakini kuna jambo dadu haihesabu. Polybius anaandika kwamba Wamakedonia wengine waliinua mikuki yao juu, desturi yao ya kusalimu amri. Flamininus alipoelezwa maana yake alitaka kuwasamehe, ila baadhi ya askari wake walikuwa wameshaanza kuwaua. Katika ile 8,000 wamo watu waliokuwa wamekwisha acha kupigana.

Kwa hiyo andikeni programu, chezeni mchezo, hesabuni asilimia. Zinaeleza vizuri jinsi safu inavyovunjika. Yanayofuata baada ya safu kuvunjika hayamo kwenye zile 36.

Haya, hadi wakati mwingine.