Uhaba wa Chuma Ulizaa Land Rover

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha miradi miwili ya mashine za kupambana na ardhi isiyo na barabara. Mmoja ulipigiwa debe bungeni na kumwagiwa fedha za serikali. Makao yake yalikuwa Kongwa, katikati ya Tanganyika. Wa pili ulianza kwa mchoro uliochorwa mchangani, kwenye ufukwe wa Red Wharf Bay katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales.

Wa Kongwa ni ule mradi wa karanga ambao wazee wa Dodoma bado wanausimulia. Lengo lilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za pori na kupanda karanga, ili Uingereza ipate mafuta ya kula yaliyoadimika baada ya vita. Matrekta na matingatinga mengi yalinunuliwa yakiwa masalia ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, na yalifika yakiwa yamekwisha choka. Kampuni ya Vickers ilichukua sehemu za vifaru vya Sherman, ikazigeuza matrekta na kuyaita Shervick. Hayakufua dafu. Kiangazi kilipoingia udongo ulikuwa mgumu kama saruji, mizizi ikapinda majembe, mibuyu ikagoma kung'oka, na mafundi waliozijua mashine hizo hawakutosha. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mradi huo, takribani pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Mchoro wa Anglesey uliishi zaidi.

Aliyeuchora alikuwa Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover. Alikuwa na shamba kisiwani humo, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep iliyobaki kutoka vitani. Jeep hiyo ilikuwa imechakaa, na Wilks hakuona gari lolote la Kiingereza ambalo lingeweza kushika nafasi yake. Kaka yake, Spencer Wilks, ndiye aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Rover, kwa hiyo wazo halikuwa na safari ndefu kutoka shambani hadi kiwandani.

Jeep yenyewe ilitengenezwa kwa pupa ya vita. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliomba viwanda 135 vibuni gari dogo la upelelezi, na vingi havikujibu, kwa sababu muda viliopewa ulikuwa mfupi mno. Kampuni ndogo ya Bantam, katika mji wa Butler jimboni Pennsylvania, ilimwita mhandisi Karl Probst, na tarehe 23 Septemba 1940 gari la kwanza likafikishwa kambi ya Holabird, Maryland. Willys na Ford ndizo zilizokuja kupewa kazi ya kuyaunda kwa wingi, zaidi ya magari 600,000. Ubunifu wake mkubwa ulikuwa giaboksi ya pili, iliyogawa nguvu za injini kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma, ndani ya gari jepesi ambalo askari wachache waliweza kulinyanyua likikwama.

Ndugu hao wawili, Maurice na Spencer, walichukua wazo hilo wakaliingiza kwenye nchi iliyofilisika. Chuma kilitolewa kwa mgawo, na kiwanda kilichouza nje ndicho kilichofikiriwa kwanza. Rover ilikuwa imezoea kutengeneza magari ya watu wenye nafasi, lakini soko la magari hayo lilikuwa limelala. Fedha za kununulia mashine kubwa za kukandamiza mabati hazikuwepo. Kila tatizo kati ya hayo liliacha alama yake katika gari jipya. Bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, kwa sababu alumini ilipatikana kuliko chuma. Mabamba yake yalikatwa bapa na kukunjwa kwa mkono, na ndiyo maana Land Rover ya zamani haina mviringo wowote wa madoido. Chasisi iliundwa kwa vipande vinne vya bamba la chuma vilivyounganishwa kwa kulehemu hadi vikafanya sanduku refu. Rangi ya kwanza ilikuwa kijani, iliyobaki kwenye maghala baada ya kupakwa ndege za kivita. Injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi wapatao 50 iliazimwa kutoka gari dogo la Rover.

Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, kwa bei ya pauni 450. Milango na turubai vililipiwa kando. Mkulima angeweza kufunga mkanda kwenye mtambo wake, akakoboa au akapasua mbao. Wakuu wa Rover walilihesabu kuwa gari la kuvukia shida, la miaka miwili mitatu, mpaka magari ya kifahari yarudi sokoni.

Hapo ndipo walipokosea hesabu, na sababu ni ule umaskini uliolizaa. Gari lililoundwa bila mashine kubwa laweza kukarabatiwa bila mashine kubwa. Bamba bapa hukatwa na kunyooshwa kwa nyundo, chini ya mwembe. Chasisi ya vipande vilivyolehemiwa hulehemika tena Singida kama ilivyolehemiwa Uingereza. Mlango hutoka kwa boliti chache. Kioo bapa hukatwa na fundi yeyote wa vioo. Kasoro zilikuwepo, na watu wa pwani walizijua mapema: bodi ya alumini haikushika kutu, lakini kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa alumini ilipogusana na chuma ililika ikawa unga mweupe, huku chasisi ikiozea ndani polepole.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye saidi shafti za nyuma, vyuma vinavyozungusha magurudumu. Dereva akikanyaga mafuta kwa pupa, gurudumu moja likiwa limebana kwenye jiwe, shafti hukatika. Lakini angalia lilivyobuniwa. Uzito wa gari hubebwa na mfuko wa ekseli, si na shafti yenyewe, kwa hiyo gurudumu halidondoki na jeki haihitajiki. Fundi hufungua boliti sita pale katikati ya gurudumu, huvuta nusu ya shafti iliyokatika, kisha huhangaika kuitoa nusu iliyobaki ndani ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli. Ikiwa hana shafti ya akiba, dereva hubonyeza kirungu cha njano, magurudumu ya mbele yakashika kazi, na gari likaenda nyumbani likivutwa na pua yake. Mlima ukizidi, kuna kirungu chekundu cha gia nzito. Mbunifu aliyeweza kumfikiria dereva aliyeharibikiwa, yuko mbali na mji na ana spana tu mkononi, anastahili heshima.

Afrika Mashariki gari hili halikufika na mikono safi. Wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau nchini Kenya, kuanzia Oktoba 1952, Land Rover lilikuwa gari la polisi na la maafisa wa kikoloni, na katika vijiji vya Mlima Kenya mlio wake ulimaanisha msako. Kumbukumbu hiyo haifutwi na picha za wanyama. Gari lilelile lilitumiwa na watafiti: tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, mwanaakiolojia Mary Leakey aliliendesha mbio kurudi kambini kumwamsha mumewe Louis, aliyekuwa mgonjwa kitandani, amweleze kuhusu fuvu aliloliona ardhini. Ndilo fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75.

Uhuru ulipopatikana, gari likabadili abiria. Likawa la mkuu wa wilaya, la mganga wa misheni, la sanduku la chanjo, la bwana shamba. Mtindo wa 109, mrefu wa inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, uligeuzwa kuwa gari la abiria kwenye milima isiyopandika na basi. Kuanzia mwaka 1976 kiwanda cha Leyland mjini Thika kiliunganisha Land Rover papa hapa Kenya.

Kule Uingereza macho yalikuwa yameanza kutazama kwingine. Juni 1970 ilizinduliwa Range Rover, chini ya mhandisi Spen King: springi za koili, injini ya V8, magurudumu yote manne yakisukuma wakati wote. Lilikuwa gari la kazi na starehe, na sakafu yake bado iliweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Starehe ikaendelea kupanda mpaka kazi ikasahaulika.

Aliyelichukua soko la Afrika alianza kutoka mzizi uleule. Mwaka 1951 Toyota iliunda gari la BJ kwa kufuata wazo la Jeep, na dereva wake wa majaribio akalipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji. Jina la Land Cruiser lilipatikana mwaka 1954. Wajapani hawakuazima injini ya gari dogo. Walichukua injini ya lori, yenye silinda sita na zaidi ya lita tatu, wakaiweka kwenye chasisi nzito. Wakati Land Rover ya miaka ya 1970 ilihangaika na injini ya lita 2.25, na kampuni mama ya British Leyland ikiokolewa na serikali mwaka 1975, Land Cruiser ilikuwa ikipanda mlima bila kulalamika, na vipuri vikipatikana. Mtindo wa 70 wa mwaka 1984, hasa ulipopewa injini ya dizeli ya lita 4.2, ndio uliojaza mbuga za Tanzania. Haikuwa bahati. Toyota iliboresha palepale Waingereza walipoacha kuboresha.

Baada ya hapo wabunifu wakuu wakawa mafundi wa Arusha. Gari la watalii halitoki kiwandani likiwa tayari. Gereji hukata chasisi ya Land Cruiser, huongeza kipande katikati, hulehemu na kukaza kwa bamba la pembeni, hurefusha propela na mabomba ya breki, kisha huunda bodi mpya yenye dirisha kwa kila kiti na paa linaloinuka ili abiria asimame kutazama simba. Ni uhandisi kamili, ingawa wengi waufanyao hawajawahi kuitwa wahandisi. Oktoba 2024 jiji hilo liliandaa tamasha la Land Rover, na magari ya umri wa babu yakajipanga barabarani kwa azma ya kuvunja rekodi ya msafara iliyokuwa Ujerumani.

Kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya huundwa Nitra, Slovakia, na haina chasisi ya kujitegemea. Bodi na fremu ni kitu kimoja, na akili yake imo kwenye kompyuta. Huko Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na baadaye kuitwa Roam, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari makuukuu ya safari na kuweka mota ya umeme na betri, baadhi yakafanya kazi Maasai Mara yakichajiwa kwa jua. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu gari la zamani hukubali kufunguliwa: injini hutoka, bodi hunyanyuliwa, na mota mpya hufungwa kwenye chasisi ileile, ikizungusha difu zilezile.