Unaenda Ngorongoro Halafu Unaipita Oldupai? Acha Hizo!

Kila msimu mtandaoni picha ni zilezile: simba, kreta, mtu kachomoza kichwa juu ya paa la gari. Sawa, zinapendeza. Ila wadau, ukishatoka ukingoni mwa kreta kuelekea Serengeti, kuna njia inakata kulia penye sanamu za mafuvu mawili makubwa. Wengi wanapiga picha hapo chapchap, wanasepa. Ingia ndani, ni kilomita chache tu.

Utakuta korongo lenye urefu wa kilomita 48 hivi. Maji yake hayafiki ziwani wala baharini. Yanatelemka mashariki na kuishia Olbalbal, bonde la chini ambako Wamasai wanalisha mifugo. Jina lenyewe linatokana na oldupai, mkonge pori uliojaa kote pale. Mwaka 1911 alipita daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, na tangu enzi hizo vitabu vya wageni vikaandika "Olduvai". Miaka zaidi ya mia sasa, na bado kuna watu wanamsahihisha Mmasai jina la kwao!

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe. Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa kalala kambini, homa imembana. Mkewe Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechungulia kwenye udongo. Lilikuwa fuvu, vipande vipande, na kuviunga haikuwa kazi ya siku moja. Magego yake makubwa balaa. Umri wake? Takriban miaka milioni 1.75. Wakaliita Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina la kale la pwani yetu, na Boise ni tajiri aliyefadhili utafiti. Yaani mwenye hela kaingia kwenye jina, wenyeji hata matamshi yao hayakuheshimiwa. Mimi hilo linanikera.

Na hapa watu wa Dar mnisikilize vizuri. Fuvu halisi halipo korongoni, liko Makumbusho ya Taifa, hapo hapo mjini kwenu. Kule juu utaona nakala, ila utasimama juu ya udongo wenyewe, na hicho hakisafirishwi. Makumbusho mapya ya pale yalifunguliwa 2017, na ndani kuna pia habari za nyayo za Laetoli, watu waliotembea juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita.

Ukibaki na muda, omba upelekwe kwenye mchanga unaohama. Ni rundo jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, majivu ya Ol Doinyo Lengai, linalosukumwa na upepo mita kama 17 kwa mwaka. Wamasai wanalipa heshima, kwa hiyo usilipande kutafuta picha.

Halafu ongea na watu. Tangu Juni 2022 familia nyingi za hifadhi hii zimehamia Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wapo wakazi wanaosema huduma zilibanwa mpaka wakakosa pa kushika. Ukifika Olbalbal, muulize mzee yeyote babu yake alichunga wapi. Usiwe na haraka, mwache akuonyeshe kwa fimbo.