Jina Nililolisikia Nikichambua Maharage

Nilikuwa rimandi nchini Uganda, nachambua maharage, siku niliposikia jina la Susan Kigula. Asubuhi ile nilikuwa nimerudishwa kutoka mahakamani bila kuelewa neno: hakimu Kiingereza, karani Kinyankole, na mimi mtu wa Kivu, Kongo, niliyetoka makazi ya wakimbizi ya Rubondo na Kiswahili changu tu. Nyapara wetu, mama aliyekaa ndani muda mrefu kuliko afande yeyote wa zamu, akaniona nalia. "Nyamaza," akasema. "Kuna mwanamke alihukumiwa kunyongwa, akaishitaki serikali, akaishinda."

Nilidhani ananibembeleza. Nilipotoka niliitafuta habari hiyo, nikakuta ametia chumvi kidogo tu.

Kigula alikamatwa mwaka 2000, akamwacha binti mchanga. Mwaka 2002 alitiwa hatiani kwa kumuua mwenzi wake. Sheria ya wakati ule ilimfunga jaji mikono: ukionekana umeua kwa kukusudia, ni kitanzi, hakuna kuulizwa watoto wala yaliyotangulia. Akapelekwa kondemu, sehemu ya waliohukumiwa kifo, katika gereza la wanawake la Luzira. Kamba haikuwa hadithi ya kutishia watu. Aprili 1999 watu 28 walikuwa wamenyongwa Luzira.

Mwaka 2003 wafungwa wa kondemu, wake kwa waume, walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba. Vitabu vya sheria vinaliandika kwa jina la Susan Kigula na wengine zaidi ya 400. Walishinda Juni 2005, serikali ikakata rufaa, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua: kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba, na aliyengoja kitanzi zaidi ya miaka mitatu tangu rufaa yake ya mwisho kushindwa, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Adhabu ya kifo yenyewe ilibaki, na kamba pia. Chumvi ya nyapara ilikuwa hapo.

Mawakili walifanya kazi yao, nawapa haki yao. Lakini mimi hukaa zaidi kwenye ile miaka yake ya gerezani. Kigula alianzisha darasa humo humo kondemu, akaimbisha kwaya, akasoma sheria kupitia Chuo Kikuu cha London akiwa gerezani, kisha akawasaidia wenzake kuandika rufaa zao. Mwanamke aliyehesabiwa maiti akawa karani wa walio hai! Mwaka 2011 alihukumiwa upya, miaka 20. Januari 2016 akatoka, akaendelea kuipinga adhabu ya kifo hadi ng'ambo. Mwaka 2019 Bunge la Uganda nalo likapitisha muswada wa kuondoa kifo cha lazima. Wala hayuko peke yake: Kenya yupo Teresa Njoroge, aliyefungwa gereza la Lang'ata na baadaye akaanzisha shirika la Clean Start kwa ajili ya wanawake wanaotoka gerezani.

Mimi sina shirika. Nina kibanda cha sambaza na dagaa hapa Rubondo, na wanawake huja kuniuliza wakiitwa mahakamani Mbarara. Nawaambia lile ambalo mimi sikuambiwa: mama, kama huelewi lugha ya mahakama, usitikise kichwa. Nyoosha mkono, omba mkalimani. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda inakupa, na hulipi hata shilingi.